Jinsi ya Kujifunza Haka ya Wamaori Bila Kuchanganya Mapokeo

Mwongozo huu unamhusu msomaji aliyealikwa kushiriki haka, yaani ngoma ya Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, inayochezwa huku maneno yakitamkwa kwa pamoja, awe mwanafunzi aliyehamia Nyuzilandi, mchezaji wa raga au mtu aliyeoa katika ukoo wa Kimaori. Nimecheza kwa miaka kadhaa katika kikundi cha kapa haka, yaani kikundi kinachoimba na kucheza kikiwa kimejipanga kwa safu, na hatua ninazozieleza zinafuata utaratibu niliofundishwa mwenyewe baada ya kuanza vibaya.

Hatua ya 1: Uliza haka hiyo ni ya nani

Neno haka hukusanya aina nyingi. Peruperu ilikuwa ya vita, huchezwa kwa silaha kama taiaha, na wachezaji huruka pamoja huku wamekunja miguu. Zamani, mrukaji mmoja akikosa wakati ilihesabiwa kuwa ndege mbaya kabla ya mapigano. Haka taparahi huchezwa mikono mitupu na ina miondoko iliyopangwa, ilhali ngeri ni fupi na humwachia kila mchezaji afuate msukumo wa mwili wake. Hata Ka Mate, ambayo dunia imeizoea kupitia timu ya raga ya All Blacks, wapo wanaoiita taparahi na wapo wanaoiita ngeri.

Ka Mate ina mwenyewe. Ilitungwa mnamo 1820 na Te Rauparaha, chifu wa Ngāti Toa, baada ya kujificha katika shimo la kuhifadhia viazi vitamu huku maadui wakimsaka. Tangu 2014 ipo sheria ya Nyuzilandi inayotaka anayeichapisha kibiashara au kuitangaza kwa umma amtaje mtunzi huyo na kabila lake. Mimi nilifika mazoezini nikiwa nimejifunza kwa video, mkono nimeutoa kwa kabila moja na mguu kwa jingine. Mzee aliyekuwa akitutazama aliniuliza swali moja tu: "Nani amekupa?" Sikuwa na jibu, nikarudishwa safu ya nyuma kuanza upya.

Hatua ya 2: Shika maneno kabla ya miondoko

Mwili katika haka hutumikia maneno, kwa hiyo asiyeyajua anachofanya ni mazoezi ya viungo. Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa: Kimaori kina irabu tano kama zetu na kila silabi huishia kwa irabu. Herufi ng husomwa kama katika ng'ombe, na wh husikika karibu na f. Kitakachokuponza ni urefu wa irabu, unaoonyeshwa kwa kistari juu ya herufi, kwa sababu mazoea yetu ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho hayafai huku. Keke ni keki, na kēkē ni kwapa.

Zingatia pia lahaja. Watu wa kabila la Tūhoe hutamka n mahali pa ng, kabila la Ngāi Tahu wa kisiwa cha kusini huweka k, na huko Taranaki na Whanganui sauti ya h humezwa kooni. Ni kama mtu wa Mombasa anayesema ndia na wa Unguja anayesema njia: hakuna aliyekosea, lakini hutazichanganya katika mstari mmoja, wala hutaisahihisha haka ya Tūhoe ili ifanane na Kimaori cha darasani.

Hatua ya 3: Jenga mkao

Tanua miguu kupita upana wa mabega, kunja magoti, shusha uzito na unyooshe mgongo. Kisha jifunze amri za kiongozi, anayeitwa kaitātaki na ambaye kazi yake haipo mbali na ya manju katika ngoma zetu. Akisema "ringa pakia", viganja vipige mapaja. "Turi whatia", magoti yakunjwe. "Waewae takahia", miguu ikanyage ardhi kwa nguvu. Kanyaga peke yako kwa siku kadhaa, bila mikono, mpaka mguu usihitaji kufikiriwa. Mapaja yatauma wiki ya kwanza.

Hatua ya 4: Mikono na uso

Mtetemo wa viganja huitwa wiri. Wamaori husimulia kwamba Tamanuiterā, yaani jua, na Hineraumati, kiangazi, walimzaa Tānerore, na hewa inayotetemeka siku za joto ni ngoma yake. Aliyewahi kuona mazigazi juu ya lami mchana wa jua kali ameshaelewa kinachoigwa. Wapo walimu wanaotaka mtetemo mdogo na wa haraka, wapo wanaotaka mpana zaidi, mfuate wako.

Katika uso, kukodoa macho, au pūkana, ni kwa wanaume na wanawake. Kutoa ulimi, whētero, ni kwa wanaume peke yao. Usoni usiweke hasira ya kuigiza: sura hutokana na neno linalotamkwa wakati huo, na watazamaji wenyeji huigundua mara moja iliyobandikwa.

Hatua ya 5: Tofautisha ubunifu na uzembe

Mapokeo haya hayajagandishwa. Tamasha la kitaifa la Te Matatini, lililoanza 1972 na kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili, huleta jukwaani haka mpya kila mara. Mwaka 2005, mjini Dunedin, All Blacks walicheza dhidi ya Afrika Kusini wakianza na Kapa o Pango, iliyotungwa na Derek Lardelli wa Ngāti Porou. Ishara yake ya mwisho wengi waliiona kama kukata koo, naye akaeleza kuwa ni kuvuta pumzi ya uhai hadi moyoni na mapafuni. Kwa hiyo muulize mwalimu maana ya kila ishara, na usibadilishe yoyote kabla hajakuruhusu.

Siku ya kucheza, kosa la wageni ambalo nimeliona mara nyingi kuliko mengine ni kuvunja mkao mara tu neno la mwisho linapotoka. Baki ulivyo, macho mbele, mpaka kiongozi atakapowaachia.