Rangi zisikuharibikie kwenye kadi za mwaliko

Kabla hujapeleka faili kwa mtu wa kuprinti, libadilishe wewe mwenyewe kutoka RGB (rangi za skrini: nyekundu, kijani na bluu) kwenda CMYK (wino wa kuprinti wa rangi nne: sayani ya bluu-kijani, majenta ya waridi, njano, na nyeusi ambayo ndiyo K), maana skrini inatoa mwanga ila karatasi inapokea wino, ile bluu kali inayong'aa kwenye simu haipo kwenye wino wa kawaida, itatoka imefifia au imekaa kizambarau. Ikikaa kizambarau punguza majenta, iwe chini ya sayani kwa kama asilimia 30 hivi. Maandishi madogo meusi weka K 100 peke yake, zingine zote 0, jamani hii watu wanaipuuza sana halafu herufi zinatoka na kivuli chekundu pembeni. Na usipitishe kazi kwa picha ya WhatsApp, omba sampo kwenye karatasi ileile.