Mlango wa vani unakwaruza? Anza na mchanga, grisi baadaye

Mlango wa pembeni wa vani ya kambi (gari la kusafiria na kulala), ule unaoteleza kwa vigurudumu kwenye reli, ukianza kukwaruza na kupiga kelele, tafadhali usikimbilie grisi. Grisi mpya juu ya mchanga wa zamani hugeuka msasa, na kila ukifungua mlango unazidi kula vigurudumu na reli.

Kwa kawaida reli ni tatu: ya juu, ya chini penye kikanyagio, na ya katikati iliyo nje ubavuni mwa gari. Wengi huisahau hii ya katikati, na ndiyo inayopigwa na vumbi la barabarani moja kwa moja.

Fyonza mchanga kwanza, kisha sugua kwa mswaki wa zamani na dawa ya kuondoa grisi. Komaa hasa na sehemu ya mbele, pale reli inapojikunja kuingia ndani. Uchafu mweusi hujibana hapo kama lami. Futa mpaka kitambaa kitoke safi.

Zungusha kila kigurudumu kwa kidole. Kikikwama, kikiyumba au kikiwa kimelika upande mmoja, badilisha tu, hakuna mafuta yatakayokiponya.

Relini puliza silikoni inayokauka, maana hainasi vumbi sana. Grisi nyeupe ya lithiamu weka kidogo mno, kwenye ekseli za vigurudumu pekee.

Bado mzito? Kagua bolti za mikono inayoshika vigurudumu. Mlango uliopigiwa mbao na kabati kwa ndani huelemea, na bolti zikilegea kidogo tu unashuka na kusaga reli.