Kunyamazisha jeni ya MGMT katika seli za glioblastoma: mwongozo wa maabara kuanzia siRNA hadi temozolomidi

Glioblastoma inaongoza kwa idadi miongoni mwa saratani zinazoanzia ndani ya ubongo wa watu wazima, na tangu mwaka 2005 mgonjwa wake, baada ya upasuaji, hupewa mionzi pamoja na vidonge vya temozolomidi. Katika utafiti ulioanzisha tiba hiyo, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 14.6, ukilinganishwa na miezi 12.1 kwa waliopata mionzi pekee. Utafiti mwenzake wa mwaka huohuo ulieleza kwa nini faida hiyo haikugawanyika sawasawa: wagonjwa ambao promota (sehemu ya DNA inayoiwasha jeni) ya jeni ya MGMT kwenye uvimbe wao ilikuwa imefungwa kwa metili, kikundi kidogo cha kemikali, walifikia miezi 21.7 walipopangiwa mionzi na temozolomidi, ilhali wenzao wa hali hiyohiyo waliopangiwa mionzi peke yake walifikia miezi 15.3.

Temozolomidi huua seli hasa kwa kubandika metili kwenye oksijeni ya 6 ya guanini katika DNA. Protini ya MGMT huibandua metili hiyo na kuihamishia kwenye sisteini yake yenyewe, namba 145, na baada ya hapo molekuli hiyo haifanyi kazi tena bali huvunjwavunjwa. Kwa kuwa kila molekuli hurekebisha kosa moja tu, wingi wa MGMT ndani ya seli una uzito mkubwa katika kuamua kiasi cha dawa ambacho seli itakistahimili. Ndiyo maana mimi huwapendekezea wanaoanza kazi ya kunyamazisha jeni za uvimbe wa ubongo, yaani kuzipunguza kwa siRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyosababisha RNA ya jeni kukatwa), waanze na shabaha hii: ukiipunguza, matokeo yanapimika kwenye RNA, kwenye protini na kwenye uhai wa seli, na ngazi hizo tatu zinapaswa kukubaliana.

Hatua ya 1: Chagua nasaba mbili za seli

Seli za T98G hutengeneza MGMT na ni sugu kwa temozolomidi, kwa hiyo ndizo zitakazonyamazishwa. Seli za U87MG promota yake imefungwa kwa metili na hazitengenezi protini hiyo. Wengi huziacha U87MG kwa hoja kwamba hazina cha kunyamazishwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo majaribio mengi hupoteza nguvu yake, kwa sababu nasaba isiyo na shabaha ndiyo mahali ambapo siRNA yako haipaswi kuleta badiliko lolote. Ikiwa vifo vinavyotokana na temozolomidi vinaongezeka kwenye U87MG kama vinavyoongezeka kwenye T98G, siRNA hiyo inagusa jeni nyingine, hata kama kipimo cha RNA ya MGMT kinapendeza namna gani.

Thibitisha utambulisho wa nasaba zote mbili kwa kipimo cha alama za DNA kabla ya kuanza. Mwaka 2016 ilibainika kwamba U87MG iliyokuwa ikisambazwa duniani kwa miaka mingi hailingani na uvimbe wa mgonjwa wa Uppsala ambao nasaba hiyo ilidaiwa kutokana nao. Pima pia maikoplazima, bakteria wadogo wanaochafua seli za maabara, kwa kuwa seli zilizoambukizwa hubadilisha ukuaji wake na mwitikio wake kwa dawa.

Hatua ya 2: Chagua siRNA na vidhibiti vyake

Kipande cha siRNA kina uzi mara mbili wenye nukleotidi zipatazo 21. Uzi mmoja hubaki ndani ya protini ya Argonaute 2, ukaiongoza hadi kwenye RNA mjumbe (nakala ya jeni inayotumiwa kutengeneza protini) yenye mfuatano unaolingana nao, nayo ikakatwa. Tatizo ni kwamba nukleotidi ya 2 hadi ya 8 za uzi huo zinatosha kushikana kwa udhaifu na RNA nyingine nyingi, na hivyo kupunguza protini ambazo hukuzikusudia. Kwa hiyo usitegemee siRNA moja. Chagua angalau mbili zinazolenga sehemu tofauti za MGMT, na hakikisha mojawapo inalenga eneo lisilotafsiriwa lililo mwishoni mwa RNA mjumbe, kwa sababu utaihitaji katika hatua ya 7.

Vidhibiti ni hivi: seli zisizoguswa, seli zilizopewa lipidi (mafuta yanayoibeba siRNA kuingia ndani ya seli) tupu, seli zilizopewa siRNA isiyolenga jeni yoyote ya binadamu, na seli zilizopewa siRNA ya jeni ya KIF11. Hii ya mwisho ni msaada mkubwa kwa macho. Seli zinazokosa KIF11 hukwama katikati ya kugawanyika, na katika muda wa siku moja hadi mbili utaziona kwenye hadubini zikiwa zimeviringika na kuanza kuachana na sahani. Zisipoviringika, siRNA haikuingia, na hakuna haja ya kupoteza vitendanishi vya PCR (kipimo kinachozidisha DNA ili ihesabike) kwa sampuli za siku hiyo.

Hatua ya 3: Yeyusha siRNA na uingize ndani ya seli

siRNA kavu husafiri vizuri bila barafu, jambo lenye manufaa kwa maabara ambazo mizigo yake hukaa forodhani. Zungusha kichupa kwenye mashinepewa (sentrifuji) kabla ya kukifungua, kwa kuwa unga huo hauonekani na hujibandika kwenye kifuniko. Nanomoli 5 zikiyeyushwa katika mikrolita 250 za maji yasiyo na vimeng'enya vinavyovunja RNA hutoa myeyusho wa mikromola 20. Ugawe katika vichupa vidogo na uvihifadhi kwenye friza.

Panda seli siku moja kabla kwenye sahani yenye visima 6, katika lishe isiyo na antibiotiki, ili siku ya kazi ziwe zimefunika zaidi ya nusu ya kisima. Changanya mikrolita 1 ya myeyusho huo na mikrolita 125 za lishe isiyo na seramu. Katika kichupa kingine changanya mikrolita 5 za lipidi, kwa mfano Lipofectamine RNAiMAX, na mikrolita 125 za lishe hiyohiyo. Unganisha vichupa viwili, subiri kwa muda unaoelekezwa na mtengenezaji, kisha dondosha mchanganyiko kwenye kisima ambacho tayari kina mikrolita 1,750 za lishe. Jumla ni mililita 2 zenye pikomoli 20 za siRNA, yaani nanomola 10. Ishinde tamaa ya kuongeza kiwango matokeo yakiwa hafifu, kwa sababu kadiri siRNA inavyozidi ndivyo inavyogusa jeni zisizokusudiwa. Ni heri kubadili uwiano wa lipidi au idadi ya seli.

Hatua ya 4: Pima RNA

Baada ya saa 48 toa RNA, itengenezee DNA nakala, na upime kwa PCR ya wakati halisi. Jeni ya kulinganishia, ambayo wingi wake haupaswi kubadilika, isiwe GAPDH peke yake, kwani hubadilika seli zikikosa oksijeni. Ongeza TBP au HPRT1.

Tuseme kwenye kidhibiti MGMT imeonekana katika mzunguko wa 24.0 na jeni ya kulinganishia katika mzunguko wa 18.0, tofauti ikiwa 6.0. Kwenye seli zilizonyamazishwa MGMT imeonekana katika 26.5 na jeni ya kulinganishia imebaki 18.0, tofauti ikiwa 8.5. Pengo kati ya tofauti hizo ni 2.5, na 2 kwa kipeo cha hasi 2.5 ni 0.18 hivi. Maana yake RNA iliyobaki ni asilimia 18, na iliyopungua ni asilimia 82. Kidhibiti cha hesabu hii ni seli zilizopewa siRNA isiyolenga jeni yoyote, kwa kuwa lipidi na siRNA zenyewe huweza kubadilisha seli.

Hatua ya 5: Pima protini

Protini ya MGMT iliyokwisha kutengenezwa hudumu kuliko RNA yake. Chukua sampuli saa 48, 72 na 96, na utafute kwa Western blot (mbinu ya kutambua protini kwenye jeli kwa kingamwili) mstari wa takriban kilodaltoni 21. Weka U87MG kwenye jeli hiyohiyo: kingamwili ikionyesha mstari wa MGMT katika seli ambazo hazina MGMT, badilisha kingamwili kabla ya kuendelea.

Hatua ya 6: Jaribu temozolomidi

Protini ikishafika chini kabisa, mara nyingi karibu saa 72, bandua seli, zihesabu, na panda 300 hadi 500 katika kila kisima. Zikishashika, weka temozolomidi kwa dozi za mikromola 0, 25, 50, 100, 200 na 400. Ukiwa na akiba ya milimola 100 katika DMSO (kiyeyushi cha dawa), dozi ya juu itakuwa na DMSO asilimia 0.4, kwa hiyo kila kisima, pamoja na kile cha dozi 0, kipate asilimia hiyohiyo.

Usipime uhai wa seli baada ya siku moja. Metili iliyobaki kwenye guanini huua hasa baada ya seli kugawanyika na mfumo wa kurekebisha jozi zisizolingana kujaribu kuitatua bila mafanikio, kwa hiyo kipimo cha mapema kitakuambia dawa haifanyi kazi hata pale inapofanya. Acha sahani ndani ya inkubeta kwa takriban wiki mbili, paka rangi, na hesabu makundi yenye seli 50 au zaidi. Unyamazishaji wa siRNA hautadumu muda huo wote, lakini temozolomidi yenyewe huvunjika ndani ya saa chache, hivyo kilicho muhimu ni MGMT iwe imepungua wakati dawa inapoingia.

Weka kisima cha O6-benzilguanini, kemikali inayozima protini ya MGMT moja kwa moja, kwa mikromola 10 hadi 25. Kwenye grafu ya dozi na uhai wa seli, mstari wa T98G zilizonyamazishwa unapaswa kuukaribia mstari wa kemikali hiyo, na mistari ya U87MG isisogee.

Hatua ya 7: Rudisha MGMT

Ingiza plazimidi (DNA ya mviringo inayobeba jeni) inayotengeneza MGMT bila eneo lile lisilotafsiriwa, ili siRNA isiipate. Usugu ukirudi, badiliko ulilolipima lilitokana na MGMT. Tengeneza pia toleo ambalo sisteini namba 145 imebadilishwa kuwa alanini. Hilo halipaswi kurudisha usugu.

Hatua ya 8: Kabla ya kwenda kwa wanyama

Lipidi za sahani hazivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Njia zipo: Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, kiliwapa wagonjwa 8 wenye glioblastoma iliyorudi chembe za dhahabu zilizobeba siRNA ya Bcl2L12, jeni inayozuia seli za uvimbe kufa, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 dhahabu ilikutwa ndani ya uvimbe na protini hiyo ilikuwa imepungua. Kwa MGMT kuna tahadhari ya ziada, kwa kuwa uboho wa mifupa nao huitegemea, na O6-benzilguanini ikitumiwa pamoja na temozolomidi kwa wagonjwa ilileta upungufu mkubwa wa seli za damu. Kwa hiyo, ukipandikiza T98G kwenye panya, linganisha kwanza mfuatano wa siRNA yako na jeni ya MGMT ya panya. Usipolingana, uboho wa panya utaonekana salama kwa sababu tu siRNA haikuugusa, na utahitaji siRNA ya pili, inayolenga jeni ya panya, kwa ajili ya kipimo cha usalama.