SOMO: Gemu ya zamani inasuasua kwenye kompyuta mpya? Anza na saa yake

Wakuu, salaam.

Kuna vijana wengi hapa Dar, wengine bado wako chuoni, wengine wana vyumba vyao vya kazi Sinza na Kijitonyama, wanaotaka kutoa upya gemu zilizoandikwa enzi za Windows 98 na XP: bao, drafti, karata, mazoezi ya hesabu ya watoto. Lalamiko ni lilelile. Kompyuta ya leo ina nguvu kupita kiasi ukilinganisha na ile ya zamani, ila gemu inasuasua, inaruka fremu (picha moja moja zinazounda mwendo), au inakimbia hadi haichezeki. Na wa kwanza kulaumiwa ni mashine: ongeza RAM, tafuta kadi ya grafiki, nenda Kariakoo ukabadilishe laptopu. Msitupe hela. Gemu ya zamani ikisumbua kwenye mashine mpya, mara nyingi kinachosumbua ni jinsi inavyohesabu muda. Nguvu ipo tele, saa ndiyo imepotea.

Somo hili ni la mwenye msimbo wa gemu, au mwenye ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenyewe. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na gemu kuchakaa hakuifanyi iwe ya bure. Hilo limalizeni kwanza.

HATUA YA 1: Pima kabla hujagusa kitu

Usipime wastani wa fremu kwa sekunde. Wastani unaficha mambo. Chukua sekunde moja yenye fremu 59 za milisekunde 10 kila moja, halafu fremu moja ya milisekunde 400. Jumla ni fremu 60 ndani ya sekunde moja, wastani mzuri kabisa, lakini mchezaji ameona gemu imeganda karibu nusu sekunde. Kwa hiyo andika muda wa kila fremu kwenye faili. Kama msimbo unao, mistari michache yenye QueryPerformanceCounter, saa sahihi ya Windows, inatosha. Kama huna, PresentMon, programu ya kupima muda wa fremu, inaweza kukusaidia. Skrini ya 60 Hz, yaani inayochora mara 60 kwa sekunde, inakupa milisekunde 16.7 kwa fremu; kila inayovuka hapo iwekee alama na uangalie gemu ilikuwa inafanya nini.

Pimia kwenye mashine ambayo mteja wako anayo kweli. Kwetu hapa hiyo ni laptopu iliyotumika, Core i5 ya kizazi cha 4 hadi cha 8, grafiki za ndani zinazokula RAM ileile ya kompyuta. Pima ikiwa kwenye chaji, kisha chomoa chaja upime tena, maana umeme ukikatika mchezaji anaendelea na betri na Windows inashusha nguvu ya prosesa.

HATUA YA 2: Jua saa ya gemu inahesabu nini

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo watu wanaparuka. Gemu za zamani zina tabia tatu.

Ya kwanza, gemu inahesabu mizunguko ya prosesa. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya 4.77 MHz, na waandishi wengi waliiamini kasi hiyo kama saa ya ukutani. Ndiyo maana kompyuta zilizofuata ziliwekwa kitufe cha Turbo: kazi yake halisi ilikuwa kupunguza kasi ili programu za zamani zichezeke. Waliosoma Pascal wanakumbuka kosa namba 200. Programu za Turbo Pascal zilizotumia maktaba ya Crt zilianza kwa kupima prosesa inazunguka mara ngapi ndani ya muda mfupi, kisha zikagawanya jibu. Prosesa zilipofika takriban 200 MHz, jibu halikuenea tena kwenye biti 16, programu ikafa kabla ya kuonyesha chochote. Mashine haikuwa na kosa lolote ila kuwa na kasi.

Niliwahi kuletewa gemu ya bao ya namna hii. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mtaji mmoja, yaani zamu ya kula, unaweza kuzunguka ubao mara kadhaa. Mwandishi aliweka kitanzi kitupu kinachohesabu hadi mamilioni kati ya kete moja na nyingine, ili jicho lifuate mkono. Kwenye laptopu ya sasa kitanzi kile kinaisha kabla skrini haijachorwa upya. Unabonyeza shimo, kufumba na kufumbua ubao mzima umebadilika, hujui kete zako zimeliwa wapi. Mchezaji wa bao asiyeona kete zikitembea hachezi bao, anatazama matokeo. Tiba ni kukitoa kitanzi na kuweka muda halisi, mathalani milisekunde 180 kwa kete, halafu umkalishe mtu anayelijua bao kweli akwambie kama mwendo ni wenyewe.

Ya pili, gemu inahesabu fremu: kila fremu gari linasogea hatua moja, kila fremu njaa inaongezeka kidogo. Ilimradi fremu ni 30, mambo ni sawa. Zikiwa 60, kila kitu kinaenda mara mbili. Dark Souls II ya mwaka 2014 ilikumbwa na hili: kwenye kompyuta, fremu 60 kwa sekunde zilifanya silaha zichakae haraka kuliko kwenye fremu 30. Wala siyo gemu ya kale. Wakati mwingine tabia hii ndiyo utamu wenyewe. Space Invaders ya mwaka 1978 inaongeza kasi adui wanapopungua kwa sababu mashine inabaki na vitu vichache vya kuchora. Ukiisawazisha bila kufikiri, umeua gemu.

Ya tatu inawasumbua wengi bila kujua: gemu inasoma muda halisi, ila inautunza vibaya. GetTickCount inatoa milisekunde tangu Windows iwake. Waandishi wengi waliiweka namba hiyo kwenye float (aina ya namba ya desimali) ya biti 32. Float hiyo ina usahihi wa biti 24 tu, kwa hiyo namba ikikua sana inaanza kukadiriwa. Windows ikishakaa zaidi ya siku 6 bila kuanza upya, namba inaruka kwa milisekunde 64 kila mara, yaani saa ya gemu inatembea kwa hatua kama 16 kwa sekunde hata kama mashine inachora fremu 60. Zamani watu walizima kompyuta kila jioni. Leo tunafunga kifuniko tu. Na hata ukibonyeza Shut down, kama Fast Startup (njia ya Windows ya kuwaka haraka) imewashwa, hesabu ya muda haianzi sifuri. Inaanza sifuri ukibonyeza Restart. Mteja akikwambia "nikirestati inakuwa nyepesi, baada ya wiki inarudi vilevile", tafuta float.

HATUA YA 3: Tenga saa ya sheria na saa ya picha

Sheria za gemu, yaani mwendo, migongano, alama, ziende kwa hatua zisizobadilika. Picha ichorwe kwa kasi yoyote ambayo skrini inaweza. Doom ya mwaka 1993 ilikuwa na hatua 35 kwa sekunde za sheria, na ndiyo sababu mojawapo ya gemu ile kuhamishwa kwenye kila aina ya mashine bila kupoteza mwendo wake.

Kwenye msimbo iko hivi: kila fremu unapima muda uliopita na kuuongeza kwenye akiba. Maadamu akiba inatosha hatua moja ya sheria, endesha hatua, punguza akiba. Kilichobaki kitumie kukadiria kitu kiko wapi kati ya hatua iliyopita na ya sasa, kisha chora hapo. Weka kikomo kwenye akiba, robo sekunde inatosha. Bila kikomo, mashine ikikwama kidogo gemu inajaribu kulipa deni lote kwa mara moja, inakwama zaidi, deni linakua, na haitoki tena.

Hatua ngapi kwa sekunde? Zilezile za gemu ya awali. Usiwe na tamaa ya kuzipandisha. Ukibadilisha hatua, umbali wa kuruka unabadilika, risasi zinapita ukutani, na wanaoijua gemu watakuambia siku ya kwanza.

HATUA YA 4: Picha

Gemu nyingi za miaka ya 1990 zilichora kwa DirectDraw, njia ya zamani ya Windows ya kuchora, kwa rangi 256. Kuanzia Windows 8 hali hiyo inaigizwa na mfumo, na mara nyingi inakuwa nzito au rangi zinavurugika. Kinachoua kasi zaidi ni gemu kusoma picha kutoka kwenye kumbukumbu ya kadi ya grafiki ili ichanganye rangi. Kuandika huko ni rahisi, kusoma kutoka huko ni polepole sana. Chora kila kitu kwenye RAM ya kawaida, kisha peleka fremu nzima mara moja kama tekscha, yaani picha ambayo kadi ya grafiki inaibandika kwenye skrini. Picha ya 640 kwa 480 yenye rangi 256 ni baiti 307,200 tu, prosesa yoyote inayouzwa Kariakoo inaimudu.

Kama huwezi kugusa msimbo, kuna programu zinazotafsiri uchoraji wa zamani kwa grafiki za sasa: jaribu cnc-ddraw au dgVoodoo2, na kwa gemu zinazochora kwa Direct3D 9 jaribu DXVK. Moja baada ya nyingine, siyo zote kwa pamoja.

HATUA YA 5: Sleep

Gemu inayosubiri kwa Sleep(1), amri ya kulala milisekunde moja, inaweza kulala hadi milisekunde 15.6, kwa sababu huo ndio mdundo wa kawaida wa saa ya Windows. Zamani programu nyingine ikiomba mdundo wa haraka, mashine nzima ilifaidika, na gemu yako ikaenda vizuri kwa bahati. Tangu toleo la 2004 la Windows 10 hilo limebadilika: usipoomba mwenyewe, usitegemee ombi la jirani. Omba kwa kuita timeBeginPeriod(1) mwanzoni na timeEndPeriod(1) mwishoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Kwangu Tandika gemu inaanza vizuri, baada ya nusu saa inakuwa nzito. Hiyo nayo ni float?

Jibu: Hapana mkuu, hilo ni joto. Chumba bila kiyoyozi mwezi wa pili, laptopu juu ya godoro, vumbi limejaa kwenye feni: prosesa inajipunguza kasi ili isiungue. Safisha feni, badilisha pesti ya prosesa, iweke mezani. Halafu angalia gemu yenyewe. Gemu nyingi za zamani zinazunguka bila kupumzika hata kidogo, zinamaliza koo zima la prosesa kwa kuchora menyu. Ukiziwekea kikomo cha fremu, joto linashuka.

Swali: Naomba kuuliza, koo la prosesa ndiyo core?

Jibu: Ndiyo mkuu, kiini cha prosesa. Tuseme kiini, inaeleweka zaidi.

Swali: Bro, kwenye GTA San Andreas nikizima kikomo cha fremu, CJ, mhusika mkuu, anaogelea kama amefungwa mawe. Kwa nini?

Jibu: Ni tabia ya pili hiyo. Hesabu za kuogelea zimefungwa kwenye fremu. Washa Frame Limiter.

Swali: Na ile ndege ya majini, Skimmer, mbona kwenye Windows 11 mpya haionekani tena? Ni Windows imeharibu?

Jibu: Kila mtu alidhani hivyo, kumbe kosa lilikuwa ndani ya gemu tangu mwanzo. Faili la vehicles.ide lina mstari kwa kila chombo, na mstari wa Skimmer umekosa namba za mwisho, zikiwemo za ukubwa wa magurudumu. GTA Vice City, gemu iliyotangulia, iliihesabu Skimmer kama boti, haikuzihitaji. San Andreas ikaifanya ndege, mstari haukukamilishwa. Gemu haikukagua, ikatumia namba zilizobaki kwenye kumbukumbu kutoka kwa gari lililosomwa kabla yake, na kwa bahati zilikuwa zinafaa. Kwenye toleo la 24H2 la Windows 11, kazi moja ya ndani ya mfumo ikaanza kuandika juu ya sehemu hiyo ya kumbukumbu. Namba zikawa takataka, ndege ikarushwa juu isikofikika. SilentPatch, kiraka cha kurekebisha gemu hiyo, inalitibu. Ndugu zangu mnaotoa gemu upya, kila kigeu kipeni thamani ya mwanzo, hata kama gemu "imefanya kazi miaka yote".

Swali: Mkuu, Tekken 3 ya vibanda vya gemu niliyoizoea ilikuwa taratibu kuliko ninayoona mtandaoni. Au ni utoto tu?

Jibu: Siyo utoto. Kama CD ilikuwa ya toleo la Ulaya, ilikwenda kwa 50 Hz badala ya 60, upungufu wa karibu asilimia 17. PlayStation Classic ya mwaka 2018 ililalamikiwa kwa hilohilo, baadhi ya gemu zake 20, Tekken 3 ikiwemo, ziliwekwa kwa toleo la 50 Hz. Kabla ya kutoa gemu upya, hakikisha unajua umeshika toleo gani.

Swali: Kwenye bao langu kompyuta imekuwa haifungiki. Wazee hapa Mwananyamala wamesusa. Sijagusa akili yake hata kidogo.

Jibu: Imepewa sekunde za kufikiri, siyo? Prosesa mpya inaona mitaji ya mbele mingi zaidi ndani ya sekunde zilezile. Badala ya sekunde, weka kikomo cha idadi ya hali za ubao inazochunguza. Chukua idadi iliyokuwa inafikiwa na mashine ya zamani, ndiyo iwe kiwango cha kawaida. Kiwango kikali kiweke pembeni kwa anayekitaka.

Swali: Kaka, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Mbagala. Tuna mazoezi ya watoto ya Flash kwenye CD, hayafunguki tena. Naweza kuyaokoa?

Jibu: Dada mwalimu, inawezekana. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, lakini programu ya Ruffle inaendesha faili nyingi za Flash (zenye mwisho wa swf), na haihitaji intaneti ukishaipakua. Kila faili la Flash limeandikwa kasi yake ya fremu ndani, kwa hiyo ikienda polepole usihangaike na kasi. Punguza kwanza ukubwa wa dirisha na ubora wa picha, kwa sababu kompyuta za maabara mara nyingi zinaelemewa na kuchora. Kopi CD yote kwenye flash diski leo kabla haijachubuka, kisha nitumie majina ya faili zinazokataa na ujumbe zinaoonyesha.