Jinsi ya kukadiria namba bila kuona aibu

Kwanza kabisa kubali kwamba pai, ile 3.1416 ya kupigia hesabu za duara, ni 3. Najua, mtu wa hesabu akisikia anashika kichwa, ila injinia ukimuuliza anasema 3, alafu akiogopa daraja lisije likaanguka anaweka 4, na wale wa nyota ndo usiseme, kwao pai ni 1 na ukiwabana sana wanakubali 10.

Sasa tujaribu. Mwaka una sekunde ngapi? Usishike kalkuleta bana, chukua pai yenyewe, 3.1416, zidisha kwa milioni 10, unapata kama 31,416,000. Jibu lenyewe ni 31,557,600, yani umekosea siku moja na nusu hivi kwa mwaka mzima, nani atakudai hiyo? Alafu kasi ya mwanga, 299,792,458 mita kwa sekunde, we andika milioni 300 usonge mbele, hapo hata dhambi hujafanya.

g, yani ile namba ya mvutano wa dunia kwenye fizikia, ni 10. Ukipenda kujionyesha sema g ni pai mara pai, inakuja 9.87, na kumbe sio bahati tu, kuna watu walitaka mita iwe urefu wa pendulamu, yani kitu kinachoning'inia na kubembea, inayotumia sekunde 1 kutoka upande mmoja mpaka wa pili, na ingekuwa hivyo g ingetoka pai mara pai kabisa, ila mwaka 1791 Wafaransa wakaona bora hiyo mita waipate kwa kupima dunia.

Ya sine, ile ya hesabu za pembe, nayo rahisi, pembe ikiwa ndogo sine yake ni pembe yenyewe. Sine ya 0.1 ni 0.0998, safi. Ila pembe iwe kwa radiani, kipimo kingine cha pembe, sio digrii jamani!! nimeona mtu kaandika sine ya digrii 5 ni 5, na sine haijawahi kuvuka 1 tangu izaliwe.

Ujanja wenyewe uko hapa: ukipandisha namba moja, inayofuata ishushe. 3.5 mara 3.5 ni 12.25, ukifanya 4 mara 3 unapata 12, karibu kabisa, ila ukiwa na tamaa ukapandisha zote inakuwa 16 na hapo sio makadirio tena ni uongo.

Na usifanye kama mimi shuleni, nilipima meza kwa rula ya plastiki, nikagawanya, nikanakili kalkuleta yote mita 0.428571428. Mwalimu akaniuliza kwa upole kabisa, hiyo desimali ya tisa ni nanomita, hapo zinakaa atomu chache tu, wewe umeziona na rula gani? Darasa likacheka mpaka kengele, na rula yenyewe ilikuwa imevunjika kichwa, inaanzia sentimita 2.