SOMO: Sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda baada ya nyonga au goti la bandia

Naandika hapa mara moja iishe. Tangu watu wajue nilimuuguza mama hapa Buzuruga alipobadilishwa nyonga, kila wiki napata meseji "mkuu, mama tumbo limekuwa zambarau, anakufa?" Hafi. Mimi sio dokta, ni mtoto wa mgonjwa tu, nimechoma kwa mkono wangu na katikati hapo niliharibu.

Dawa mara nyingi ni enoksaparini, wengi mnaijua kama Clexane, inakuja imeshajazwa kwenye bomba. Nyonga watu huchomwa mpaka siku 35 hivi, goti mara nyingi 10 hadi 14. Dozi na siku ni za dokta wako, usinakili za mama yangu.

1. Nawa mikono. Mgonjwa alale chali.

2. Leo kulia, kesho kushoto, vidole vitatu kutoka kitovuni. Sio kwenye kovu.

3. Kale kahewa kwenye bomba kaache, ukikatoa dawa nayo inamwagika.

4. Finya nyama, ingiza sindano wima yote, sukuma taratibu, chomoa, ndo uachie nyama.

5. Bonyeza kidogo na pamba. USISUGUE.

Hiyo ya tano ndo ilinitoa jasho. Siku ya sita tumbo lina alama kama mtu kapondea zambarau, shangazi kafika kutoka Magu na kitambaa chake cha maji ya moto, akakanda tumbo akashuka mpaka pajani, na mimi kumkataza shangazi niliona aibu. Mama akasema nyonga inauma, nikakimbia duka la dawa nikachukua diklofenaki, sikusema mgonjwa anachomwa nini na muuzaji hakuuliza. Siku mbili mbele bandeji imeloa damu, paja limekaza kama ngoma, akipiga mswaki fizi zinatoka damu. Tukarudi hospitali usiku kwa bajaji. Nesi alinisema mbele za watu na alikuwa na haki: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, zote zinaongeza kuvuja damu juu ya hiyo sindano, usimpe mgonjwa bila dokta kujua. Walimpima na figo, maana dawa hii hutolewa mwilini kupitia figo, zikiwa dhaifu inajaa mwilini. Kwa maumivu mpe alichoandikiwa tu. Na zile dawa za kienyeji za kwenye chupa, ziseme kwa dokta hata kama unaona noma.

Alama ya bluu, kauvimbe kadogo, kuwasha kidogo pale ulipochoma, hivyo ni kawaida. Kimbia hospitali ukiona kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya pua haikatiki, jeraha linazidi kuvimba, kichwa kuuma ghafla na kwa nguvu, au uso kuvimba na pumzi kubana. Aliyepigwa ganzi ya mgongo akianza kusikia mgongo unauma na miguu inakufa ganzi au haina nguvu, usingoje asubuhi.

MASWALI

Kijana wa Igoma: Mkuu somo zuri, sasa ile hewa naitoaje?
— Namba 3. Rudi usome.

Mama Kulwa: Samahani mwanangu, nimesikia hii dawa inaweza yenyewe kuleta mabonge ya damu. Inakuwaje wakati kazi yake ni kuzuia?
— Shikamoo mama, swali zuri sana, hata mimi niliuliza wodini. Ni mara chache, ila ipo. Mwili unatengeneza kinga dhidi ya heparini (ukoo wa dawa ambao enoksaparini imo) ikiwa imeshikana na protini ya chembe sahani, hizo zinazogandisha damu. Kinga hiyo inazichokoza, zinashikana, kwa hiyo ukipima zimepungua hata nusu na huku mabonge yanajitengeneza. Huwa siku ya 5 hadi ya 10, ndo maana wanarudia FBP, kile kipimo cha damu kinachohesabu chembe hizo. Kigimbi kikivimba, kifua kikichoma, au ngozi ulipochoma ikawa nyeusi inakufa, ni hospitali muda huohuo. Ikithibitika, heparini zote zinasimama anapewa dawa nyingine, na iandikwe kwenye kadi yake, asije akachomwa tena miaka ijayo.

Nyegezi Juu: Bimkubwa tangu jana choo cheusi, nimalizie tu sindano ya leo au?
— Unaandika huku badala ya kuita bodaboda? Usichome. Mpeleke SASA na maboksi ya dawa zake zote.
Nyegezi Juu: Sawa usinifokee, labda ni vidonge vya kuongeza damu.
— Labda. Kweli vidonge vya madini chuma vinafanya choo kiwe cheusi. Wacha dokta ndo aseme hivyo. Nenda.

Abuu: Kuna ukweli inatokana na nguruwe?
— Kweli, enoksaparini inaanzia kwenye utumbo wa nguruwe. Mwambie dokta kabla ya upasuaji, sio ukatishe mwenyewe katikati. Kuna fondaparinuksi ya kutengenezwa maabara, na vidonge kama rivaroksabani, ila vidonge navyo vinavujisha damu, usidhani ni pipi.

Mtu wa Nansio: Sisi tuko Ukerewe, narudi na feri na maboksi mawili. Niweke kwenye friza?
— Usigandishe kabisa. Inataka isizidi nyuzi 25, weka pembeni ya mtungi wa maji chini, sio dirishani.
Mtu wa Nansio: Na sindano zilizotumika? Huku watoto wanachokonoa jalala.
— Tafuta galoni gumu la jiki, tia humo sindano nzima, usirudishe kifuniko, likikaribia kujaa peleka zahanati.
Mtu wa Nansio: Galoni ninalo, lilikuwa la mafuta ya taa.
— Lioshe kwanza bwana.