Kiwanja cha bondeni: yakague haya kabla ya kumwaga zege la msingi

Kiwanja cha bondeni Dar es Salaam ukikikagua Agosti utakikuta kikavu. Rudi Aprili, masika ikiwa imekolea. Ukiona matete, mafunjo au matuta ya majaruba ya zamani, jua maji hayako mbali.

Toboa kwa auga ya mkono (keekee ya kutobolea udongo) hadi mita 2 pale msingi utakapopita, liache tundu siku nzima, kisha pima maji yamesimama wapi. Ukilazimika kuchimba kwa jembe, usishuke kupita kiuno bila kuegemeza kingo, maana udongo mbichi hubomoka ghafla.

Sasa shika udongo wenyewe. Chukua wa kina cha msingi, ukande, uuvingirishe kiganjani uwe uzi wa milimita 3. Ukivutika bila kukatika na kuteleza kama sabuni, huo ni mfinyanzi, na chokaa ikichanganywa nao itaukamata uwe mgumu. Ukimeguka na kuacha chembechembe za mchanga, unataka kuchanganywa na saruji badala ya chokaa. Ukiwa mweusi, wenye nyuzi za mizizi na harufu ya kinamasi, usihangaike kuutibu: uchimbe wote, ujaze mawe na kifusi kizuri.

Maji ndiyo ya kuanza nayo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Yashushe angalau nusu mita chini ya kitako cha msingi, la sivyo kila utakachoshindilia kitayumba kama godoro. Mtaro wa kuzunguka nyumba uwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, ujazwe kokoto safi zilizofungwa kwa kitambaa cha kuchujia, na uwe na mahali pa chini pa kumwaga. Usiuchimbe ukagusa kingo za msingi. Ukitumia pampu, tazama maji yanayotoka. Yakiendelea kuwa ya matope, pampu inavuta na udongo, na ukuta wa jirani unaweza kutitia. Izime, uweke chujio kwanza.

Chokaa inayofaa ni ile iliyochomwa kisha ikazimwa kwa maji. Chokaa ya kilimo ni mawe yaliyosagwa tu bila kuchomwa. Haisaidii hapa hata ukimwaga lori zima. Mifuko iliyopasuka na kukaa sana ghalani nayo iache, kwa sababu hewa imeshaipunguza nguvu. Kwa kawaida huhitajika asilimia 3 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu. Tuseme 5: tabaka la udongo la sentimita 15 litakula kilo 11 hivi kwa kila mita ya mraba, yaani mfuko wa kilo 25 kwa mita za mraba 2 na kitu. Kipimo kamili kitoke maabara, na uwaombe wapime salfeti (chumvi yenye salfa) pia. Udongo wenye salfeti nyingi ukichanganywa na chokaa huvimba baadaye na kuinua sakafu.

Changanya hadi yasibaki mabonge, si kugeuza juujuu kwa koleo. Funika siku 1 au 2 chokaa ifanye kazi, changanya tena, ushindilie siku hiyohiyo kwa mashine, kisha utunze unyevu siku 7. Tabaka lipite kingo za msingi kila upande, angalau kwa kipimo sawa na unene wake wote. Mafundi wavae miwani, glavu na buti; chokaa ikikutana na jasho huunguza, na jichoni ni hatari kubwa.

Kama ulaini unashuka chini sana, au unajenga ghorofa, chokaa ya juu haitoshi. Muite mhandisi wa udongo akadirie nguzo za ardhini (zinazoshushwa hadi udongo mgumu) kabla hujanunua nondo hata moja.

Siku ya zege, chukua nondo ya milimita 12 uisukume ardhini kwa mkono sehemu kadhaa, hasa kwenye kona. Ikizama kirahisi, ahirisha zege, urudie kushindilia hapo. Na bomba la maji ya paa lisiishie mguuni mwa ukuta, lifikishe mtaroni.